Tuandikieni na riwaya ya walioikana imani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu alilalamika kwamba riwaya za kihistoria kuhusu Wakristo wa kwanza zinawachanganya waumini, kwa sababu watunzi huwapachika mitume maneno wasiyoyasema. Namwelewa. Nimekuwa katekista miaka mingi, na kuna mtoto wa komunyo ya kwanza aliwahi kuniuliza Biblia imeandika wapi kwamba Wakristo wa Roma waliishi kwenye mahandaki. (Hawakuishi humo, walizikana humo.)

Lakini kusema riwaya hizo haziwezi kumjenga mtu kiimani, hapo amepitiliza. Lew Wallace, jenerali wa Marekani, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1876 alikaa ndani ya treni na Robert Ingersoll, mpinga dini aliyevuma enzi hizo, akatoka pale ameona aibu jinsi asivyojua chochote kuhusu Kristo. Akaanza kusoma. Riwaya yake ya enzi za Kristo, Ben-Hur, ilipotoka mwaka 1880, mwandishi wake alikuwa keshaamini.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mashujaa wa riwaya hizi hawatetemeki. Wanaingia uwanjani kwa simba wakiimba, na mimi msomaji nafunga kitabu nikijiona si Mkristo kitu. Wakati mwanamke aliyekuwa gerezani kweli hakuandika hivyo. Perpetua, mama wa miaka 22 hivi aliyeuawa kwa imani yake Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203, anakiri kwamba giza la gereza lilimtisha, kwamba msongamano na joto vilimchosha, na kwamba roho ilimuuma kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa bado ananyonya. Baba yake anamwangukia miguuni, anambusu mikono, anaacha kumwita binti na kumwita bibi. Hilo nililisoma mara tatu.

Na kuna wale ambao hawakufika hata gerezani. Mnamo mwaka 112 Pliny, gavana wa Kirumi wa Bithinia (Uturuki ya leo), alimwandikia Kaisari Trajan kwamba baadhi ya walioshtakiwa walisema ndiyo, tulikuwa Wakristo, ila tuliacha, wengine miaka mitatu nyuma, wengine zaidi, wachache hata miaka ishirini. Wakaisujudia sanamu ya Kaisari na sanamu za miungu, wakamlaani Kristo. Mwaka 250 Kaisari Decius akaagiza watu wote watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha hivyo. Baadhi ya hati hizo zimefukuliwa Misri. Mojawapo ni ya Aurelius Diogenes, mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, anayesema ametoa sadaka, amemimina kinywaji, ameonja nyama, na anaomba maofisa wathibitishe kwa sahihi zao. Karatasi haisemi kama alikuwa Mkristo, kwani agizo lilimgusa kila mtu. Hapo ndipo mtunzi wa riwaya angepaswa kuingia.

Nasema hivi kwa sababu nami nina karatasi yangu. Nilipokuwa mtunza stoo, bosi aliniletea hati ya kupokea mifuko 200 ya saruji. Mifuko yenyewe sikuiona. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nikasaini, nikagonga muhuri, na Jumapili nikasimama mbele ya watoto nikiwafundisha amri ya nane. Hakuna mfiadini wa riwaya aliyenisaidia usiku ule. Aliyenisaidia, miaka baadaye, ni kusoma habari za Cyprian, askofu wa Karthago, ambaye naye dhuluma ya Decius ilipoanza alijificha, na watu wakamsema. Mwaka 251 maaskofu walikutana kule kujadili walioikana imani kisha wakarudi wakilia. Wale walionunua hati bila kutoa sadaka, kila mmoja alisikilizwa kivyake kabla ya kupokewa tena. Waliotoa sadaka waliwekwa kwenye toba ndefu. Kulikuwa na ugomvi mkubwa, wapo waliojitenga kwa kuona huruma imezidi. Cyprian mwenyewe alikuja kukatwa kichwa mwaka 258.

Kanisa lililobaki, Mhariri, lilijaa watu wa namna hiyo. Petro na jogoo wake tunamsoma kila Juma Kuu, kisha tunamrudisha kabatini. Watunzi wetu wa Kiswahili wenye kipaji na uvumilivu wa kusoma vyanzo, waliache kidogo dimba la simba. Mimi ningenunua riwaya inayomfuata yule mzee mwenye kovu akirudi kijijini na hati yake mkononi, mkewe mlangoni anamwangalia, naye hajui aiweke wapi.

Msomaji wako,
Katekista, Morogoro