Baba Mdogo, wenzetu hawa walibomoa pia

Baba Mdogo, shikamoo.

Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Baridi imeanza, tumeshaizoea. Ama baada ya salamu, habari za kikao cha kuamua kama nyumba ya Babu ibomolewe nimezipata. Nimeambiwa picha nilizomtumia Zaituni zilizungushwa mkeka mzima, nawe ukasema, "Tazameni, wenzetu hawabomoi." Amiri, anayetaka ibomolewe zijengwe fremu za maduka, akanyamaza kwa heshima tu. Kwa hiyo nimefanywa shahidi wa kesi bila kuitwa, na ushahidi wenyewe umepotoshwa. Hilo limenikera, na nalisema kwa adabu zote.

Barabara ile ya kwenye picha ni Unter den Linden, katikati ya Berlin. Ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi na upana wa mita 60, inaanzia Lango la Brandenburg upande wa magharibi na kuishia daraja la Schlossbrücke upande wa mashariki. Zaituni akija asipoteze pesa kwa teksi. Ashuke treni ya U5 kituo cha Brandenburger Tor, aende kwa miguu jua likiwa linachomoza mbele yake. Akichoka, basi namba 100 linapita hapohapo. Hata ile miti uliyoisifu si ile iliyoamriwa kupandwa mwaka 1647. Mingi ilikatwa miaka ya 1930 wakati wa kuchimba njia ya treni chini ya ardhi, iliyosalia ikawa kuni mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Hii ya sasa ni ya miaka ya 1950. Mwezi wa sita inanukia vizuri, ila haiufikii mlangilangi wa uani kwetu, na magari yanayoegeshwa chini yake yanabaki yananata.

Sasa picha moja moja. Lango ni la kweli, lilijengwa 1788 hadi 1791, nguzo sita mbele na sita nyuma. Lakini farasi wanne walio juu ni nakala. Wale wa asili Napoleon aliwachukua 1806, wakarudishwa 1814, vita vya mwisho vikawamaliza. Nakala iliwezekana kwa sababu mwaka 1942, mabomu yakiwa yanadondoka, mafundi walichukua umbo lao lote kwa plasta. Hilo la plasta liweke akilini, nitalirudia.

Hoteli ya pembeni, Adlon, uliyosema ina miaka mia na ushei: ile ya 1907 iliungua 1945, mabaki yakavunjwa 1984, na hii ilifunguliwa 1997. Amiri ni mkubwa kwa hoteli hiyo. Ukikata kulia kwenye kona yake unaingia Wilhelmstraße. Namba 77 ndipo wakubwa wa Ulaya na wenzao walipokaa kwenye Mkutano wa Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wakizungumza habari za Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Jumba halipo. Kuna ubao wa maelezo na maghorofa ya watu. Hilo hawakuwa na haraka ya kulijenga upya.

Jengo kongwe kuliko yote barabarani ni Zeughaus, ghala la silaha, jiwe la msingi 1695, likakamilika 1730. Kuta ni zake, ndani kulitengenezwa upya baada ya vita, na mwaka 2021 lilifungwa tena kwa ukarabati. Opera iliyo jirani ilifunguliwa 1742, ikaungua 1843, ikapigwa mabomu mara mbili, ikafunguliwa tena 1955. Ukarabati wake wa karibuni ulianza 2010, uishe 2013, uliisha 2017. Kwa hiyo fundi wetu wa choo msimseme sana. Upande wa pili kuna chuo kikuu, nyumba aliyojengewa mwanamfalme Heinrich. Hapo utafurahi kama mwalimu: Kiswahili kilianza kufundishwa chini ya chuo hicho mwaka 1887, na miongoni mwa waliokifundisha ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wajerumani walikuwa wanamsikiliza yeye.

Tuje kwenye jumba la mwisho, lile lenye kuba, ulilolisimamia kidete. Baba Mdogo, umri wake haufiki hata miaka ishirini. Kasri la wafalme liliungua Februari 1945, na mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua kwa baruti. Pakajengwa ukumbi wa bunge lao, 1976, ukaja kukutwa na asbesto, madini ya ujenzi yenye madhara kwa mapafu, nao ukavunjwa, 2006 hadi 2008. Kisha wakaamua kulirudisha kasri. Msingi 2013, milango kufunguliwa kwa watu 2021, zaidi ya euro milioni 600. Ndani ni zege, nje ya zege matofali, juu ya matofali mawe ya mchanga yaliyochongwa. Mapambo ya nje yalilipiwa kwa michango, kama harusi. Pande tatu zinafanana na za zamani, ya nne waliiacha bila nakshi kabisa, ya kisasa.

Walijuaje kila ua likae wapi? Kwa picha za zamani zilizopigwa kwa vipimo, michoro, na vipande vilivyookotwa. Na kuna mlango mmoja mkubwa ulionusurika 1950: ulitolewa kabla ya baruti, ukapachikwa jengo jingine jirani, kwa kuwa kwenye roshani yake mwanamapinduzi Karl Liebknecht alitangaza jamhuri ya kisoshalisti 1918.

Kwa hiyo fedha za mifuko 60 ya saruji sitatuma, usikasirike. Nyumba ya Babu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda toka chini unakosa pa kutokea, chumvi inaisukuma lipu, na ikibanduka inaondoka na ukuta. Vichwa vya boriti za mkoko vinaoza ndani usivione. Ninatuma za chokaa na za fundi wa Mzee Bakari, siku thelathini. Aanze juu: azibe paa, ang'oe ule mkuyu ulioota ukutani, ndipo aguse lipu.

Kabla hajagusa, tufanye kama wale mafundi wa plasta: Amiri apige picha kila ukuta, asimame katikati sawasawa, na kando ya ukuta isimamishwe fito ya mita moja iliyopakwa alama kila sentimita kumi. Vyumba vipimwe pande zote nne na pia kona kwa kona, maana hakuna chumba mle kilicho mraba. Mlango wa kuchonga usitolewe. Ikibidi, kila ubao uandikwe namba kwa chaki, nyuma, na nakshi isipakwe vanishi. Kama hatimaye Amiri atashinda na fremu zake za maduka, angalau tutakuwa na vipimo.

Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi, msiniulize tena, hayuko barabara hii. Yuko Invalidenstraße, vituo vitatu kwa U6 kutoka kituo cha Unter den Linden, amesimama mita 13.27, na bado wanaye.

Nisalimie Bi Mwanahawa na watoto wote. Upana wa mlango niandikieni kwa sentimita, si kwa shibiri za Hamisi.

Mwanao,
Shabani