Postamasta Mkuu, tupunguzie stempu ya kadi za sikukuu

Kwa Postamasta Mkuu,
Shirika la Posta Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: STEMPU NAFUU KWA KADI ZA KRISMASI NA IDI

Ndugu Postamasta Mkuu,

Shikamoo, na pole na majukumu.

Juzi mama alinituma sindano, nikafungua bati la biskuti silo. Lilikuwa limejaa kadi. Misonobari imeelemewa na theluji, na zile chenga za kumetameta zikaniganda vidoleni hadi jioni. Theluji yote hiyo ilitumwa Tanga, kwa watu wanaolala madirisha wazi Desemba nzima kwa joto! Katikati yake zimo kadi za Idi zenye mwezi mwandamo, kutoka kwa jirani aliyehamia Unguja. Nyuma ya kila kadi mama ameandika mwaka kwa penseli, na pembeni alama ya vema, maana yake ameshajibu. Vema ya mwisho ni ya 2006.

Hizo vema ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Kadi ya Krismasi ni mtoto wa posta. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kusafirisha barua ya kawaida kwa peni moja tu, iende karibu au mbali, ndani ya nchi. Henry Cole, mmoja wa waliopigania utaratibu huo, alijikuta Desemba 1843 na rundo la watu wa kuwaandikia. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikachapwa nakala zipatazo 1,000. Ilionyesha familia ikinyanyua glasi, na mtoto mdogo akinyweshwa divai. Wapinga pombe wakaja juu.

Mimi kinachonikera ni bei. Kadi moja iliuzwa shilingi, na shilingi ya Mwingereza ilikuwa peni 12, kwa hiyo aliyenunua kadi moja angeweza kutuma barua 12. Mnyonge angeishia kuitazama dukani. Kadi zilikuja kufurika kuanzia miaka ya 1870, baada ya posta kushusha gharama ya kutuma kadi hadi nusu peni. Picha nzuri zilikuwepo siku zote; kilichofungua mlango ni stempu.

Basi naomba hivi. Kuanzia Desemba mosi hadi Krismasi, na katika kumi la mwisho la Ramadhani, kadi iliyo kwenye bahasha isiyogundishwa itozwe nusu ya gharama ya barua. Na pale kaunta ziuzwe kadi za wachoraji wetu. Michoro ya mtindo wa Tingatinga imechorwa Dar es Salaam tangu 1968. Twiga na ndege wa michoro hiyo wanatosha kabisa kuchukua nafasi ya misonobari.

Najua utaniambia watu wana WhatsApp. Ninayo pia. Krismasi iliyopita nilipokea waridi lilelile mara tisa, na hakuna hata mmoja aliyeandika jina langu. Najua pia kwamba Machi 2025 PostNord, posta ya Denmark, ilitangaza kuacha kupeleka barua ifikapo mwisho wa mwaka huo. Wao barua ziliwafuata hadi mlangoni. Sisi tumezoea kuzifuata wenyewe kwenye masanduku, na mama bado anavaa khanga yake nzuri akienda kufungua la kwetu.

Nakuomba jibu lako lisije kwa barua pepe. Mama huenda posta kila Jumamosi, na penseli anayo.

Wako mtiifu,
Mteja wa sanduku, Tanga