Baba, si darubini iliyowatoa watu kanisani

Leuven, Ubelgiji
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, lakini kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Mwambie Mama sweta aliyonifumia naivaa karibu kila siku.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi, nikashindwa kuumaliza. Umesema mdogo wetu alikuja likizo kutoka chuoni Dodoma, akakaa siku kumi bila kwenda Misa, na ulipomwuliza akakujibu mbele ya wanajumuiya kwamba sayansi imeshamaliza habari za Mungu. Ukamwambia asikanyage tena nyumbani mpaka atubu. Halafu ukanigeukia mimi: "Ninyi mliosomea mitambo ndio mnaoimaliza dini. Wewe mwenyewe huko bado unasali?"

Nasali, Baba. Nalijibu hilo kwanza ili usiisome barua hii moyo ukiwa juu. Na nimeshika kalamu kwa sababu mengine yote hayaenei kwenye ujumbe wa dakika mbili.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Kituo cha imec kinatafiti chipu, vile vipande vinavyoendesha simu yako na hata redio unayosikilizia Rozari ya jioni. Tunafanya kazi tumefunikwa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu nje, maana chembe moja ya vumbi inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Mistari inayochorwa humo ni myembamba kiasi kwamba unywele mmoja unaizidi upana mara maelfu. Ukitoka hapo kwa baiskeli, robo saa hivi unafika kanisa la Mtakatifu Petro, katikati ya mji. Ndani mna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Dieric Bouts miaka ya 1460. Watalii wanaijia kutoka mbali. Jumapili asubuhi mabenchi yana watu wachache, wengi wao wenye mvi, na hii ni nchi ambayo chuo chake kikuu kilianzishwa na Papa, Martino wa Tano, mwaka 1425. Mwaka huu kinatimiza miaka 600.

Mji wa jirani, Mechelen, kanisa moja la zamani la watawa sasa ni hoteli. Maastricht, ng'ambo ya mpaka wa Uholanzi, kanisa la Wadominikani la karne ya 13 ni duka la vitabu. Nilipoingia humo mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba kwa mazoea, kisha nikaona upande wa altareni watu wamekaa wanakunywa kahawa. Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Kwa hiyo unachokihofia nimekiona kwa macho. Hapa Ubelgiji sensa haiulizi dini, kama ambavyo kwetu haijauliza tangu ile ya 1967, lakini Uingereza na Wales wanauliza: waliojiita Wakristo walikuwa asilimia 59.3 mwaka 2011, wakashuka hadi 46.2 mwaka 2021. Sikubishii kwamba watu wametoka. Ninachobisha ni aliyewatoa.

Mdogo wetu anasema Mlipuko Mkuu, ule wanaosema ndio ulioanzisha ulimwengu, umemwondoa Mungu. Mwulize, kwa upole, kama anajua wazo hilo lilitoka kwa nani. Lilitoka kwa padre, Baba. Anaitwa Georges Lemaître. Alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akapigana Vita ya Kwanza ya Dunia katika kikosi cha mizinga, akapewa upadre mwaka 1923, akafundisha hapa hapa Leuven. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, kwamba galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana. Mwaka 1931 akasema basi ukirudi nyuma vya kutosha utafika mahali ambapo vyote vilikuwa kitu kimoja kidogo, akakiita atomu ya mwanzo. Einstein, yule mwanafizikia maarufu, alikuwa amemwambia kwamba hesabu zake ni sahihi ila fizikia yake haivumiliki. Baadaye akakubali kwamba kweli ulimwengu unatanuka. Padre huyo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuingiza kompyuta chuoni, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alifariki Juni 1966, muda mfupi baada ya kuambiwa kwamba watafiti wawili huko Marekani wameinasa mionzi iliyobaki tangu zama zile za mwanzo.

Lakini kuna kipande cha habari zake ambacho ni chako wewe, si cha mdogo wetu. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alihutubia wanasayansi, akazungumza kana kwamba ugunduzi huo unathibitisha habari ya uumbaji. Ungedhani Lemaître angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alifanya juhudi ili Papa asiseme hivyo tena, na mwaka uliofuata Papa alipozungumza na wanajimu wa nyota mjini Roma hakulirudia. Lemaître hakutaka imani ifungwe kwenye nadharia kama mbuzi kwenye kigingi, maana nadharia ikihamishwa kesho, imani nayo itaburutwa. Mimi nimeshikilia hapo. Mwanzo sura ya kwanza siisomi kama kitabu cha fizikia, na maabara siiingii kutafuta Mungu chini ya hadubini.

Basi nani aliwatoa? Jirani yangu wa chini ni bibi wa miaka 84. Alizaliwa nyumba ya watoto tisa, na anasema enzi hizo kukosa Misa Jumapili ilikuwa kama kutoka nje bila nguo. Nilimwuliza kama ni sayansi iliyomwachisha. Akatikisa kichwa. Naomba radhi, Baba, kulitaja hili kwako, lakini yeye alianza na mwaka 1968, Papa Paulo wa Sita alipotoa waraka wa kukataza vidonge vya uzazi wa mpango. Alikuwa na watoto kadhaa tayari na daktari amemwonya. Alikwenda kuungama, akatoka analia, na hakurudi kwa muda mrefu. Hapo utasema ni kidonge, na kidonge ni sayansi. Ni kweli kwa sehemu. Ila yeye halilii kidonge. Analia kwamba hakuna aliyemkalisha chini akamsikiliza. Alirudi baadaye, akaendelea kwa shida, mpaka mwaka 2010 askofu wa Brugge alipojiuzulu baada ya kukiri kumdhalilisha kingono mtoto wa ndugu yake. Bibi anasema siku hiyo aliishusha rozari ukutani akaifungia kwenye droo. Darubini haikuhusika.

Na liko jambo ambalo yeye hakulisema, nimeliona mwenyewe. Zamani akiugua, angekuja sista au mama wa parokia na chupa ya supu. Sasa anakuja muuguzi na gari dogo, anamfunga kidonda, anaondoka, bima inalipa. Pensheni inaingia benki. Sisemi ni vibaya. Laiti Mama angepata hivyo. Lakini kila walichokuwa wakipewa na kanisa, serikali imekichukua na kukifanya vizuri zaidi, isipokuwa kukaa naye. Hilo halijachukuliwa na mtu. Jumatano nashuka kwake na chai yangu, tunakaa.

Kwetu mambo hayakuja hivyo. Watawa Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na waliowafuata wakaleta altare, hospitali, karakana na mtambo wa kupiga chapa, vyote vikiwa mikononi mwa watu wale wale. Wewe ulijifunza randa na katekisimu katika uwanja mmoja. Mwaka ule malaria ilipompanda Mama kichwani, ulimkimbiza hospitalini kwa baiskeli usiku, ukakaa pembeni ya kitanda ukishika rozari huku kwinini ikidondoka kwenye dripu. Hukuona ugomvi kati ya dripu na rozari. Wala mimi sikuuona, na nadhani ndiyo sababu bado nasali.

Kama unataka kuogopa mitambo kama simu, ogopa upande mwingine. Huko Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu waliofuata mahubiri ya kufunga mpaka kufa. Mahubiri ya kuwakataza watu shule na hospitali yalikuwa yakirushwa kwenye televisheni na intaneti. Simu haikuwapunguzia imani wale. Iliwapelekea mhubiri hadi kitandani, bila jirani wa kumhoji.

Na simu hiyo hiyo nimeiona ikifanya jingine. Naimba kwaya na akina mama wa Kongo, wa Bukavu, Goma na Lubumbashi. Wanasema "aksanti" badala ya asante, na wanajua nyimbo zetu za Kiswahili kuliko nilivyotarajia. Januari mwaka huu waasi wa M23 walipouchukua mji wa Goma, mmoja wao alikuwa na mama yake na wadogo zake huko. Tulikusanyika kwake, simu juu ya meza, tukasali Rozari pamoja na watu waliojificha chini ya vitanda. Katika fumbo la tatu mtandao ukakatika. Hakuna aliyenyanyuka. Tulimaliza mafumbo, tukaanza upya, mpaka kwenye saa kumi alfajiri simu ilipolia na mama yake akasema, "Tuko." Sijawahi kuwa katika kanisa lililojaa kama sebule ile.

Sasa nakuomba, Baba, na naomba nikiwa nimepiga magoti. Mdogo wetu nimezungumza naye jana usiku, kwa muda wa saa mbili nzima. Hajamkana Mungu kama ulivyosikia. Ana maswali, aliyatoa vibaya, mbele za watu, na lile la kukuvunjia heshima nimemkaripia, ameahidi kukuomba msamaha kabla hajaketi. Ila na wewe ulimfungia mlango kabla hajamaliza sentensi, na mlango wa namna hiyo ndio uliompoteza bibi wa hapa chini.

Nimemtumia nauli. Anapanda basi Ijumaa alfajiri, usiku atakuwa Songea. Naomba umpokee mwenyewe stendi, usimtume mtu. Akikuuliza neno usilolijua, mjibu kama ulivyonijibu mimi nikiwa darasa la nne, nilipotaka kujua kama Adamu alikuwa na kitovu. Ulicheka, ukaweka randa chini, ukasema, "Sijui, mwanangu. Twende tukamwulize padre." Tukaenda kwa miguu, na padre naye hakujua.

Nitapiga simu Jumapili mkitoka Misa ya kwanza.

Mwanao