Shukrani kwa dereva wa trekta

Kwako kijana wa trekta uliyetukuta Njoro Jumamosi, gari lililobeba jeneza likiwa limezama topeni: asante sana. Ulipiga magoti kwenye matope, ukafunga mnyororo mwenyewe, ukatuvuta hadi langoni. Pesa ya mafuta ukakataa.

Uliyemvuta ni baba yetu, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Lanet, mmoja wa Wakenya waliolinda amani Namibia mwaka 1989. Habari za bunduki hakuzipenda. Rozari, lo! Hakuna aliyelala kabla haijasaliwa. Hata aliyekuja kudai deni alisubiri hadi Amina ya mwisho. Jumapili tulimfuata misani kama gwaride, viatu vikimetameta.

Mama anakuulizia. Ukisoma haya, pitia nyumbani, kofia yako tunayo.