Ukishuka treni ya Madaraka, usitoke nje ya geti

Syokimau,
Jumapili, baada ya magharibi

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi, na za mama nifikishie. Sisi wazima, ila baridi ya huku bado sijaizoea. Barua yako niliipata Alhamisi nikaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba watoto asikie mwenyewe kwamba unakuja. Lile swali lako lilinichekesha peke yangu jikoni: “Nikishuka Nairobi, kwako ni mbali?” Somo, ukishuka Nairobi umeshafika kwangu. Mji ndio utakuwa mbali.

Usishangae. Kituo kinachoitwa Mombasa si kiko Miritini? Na lini umemsikia mtu wa Kibokoni, pale mjini, akisema anakaa karibu nacho? Basi na huku ni yale yale. Hiyo “Nairobi” iliyoandikwa kwenye tiketi iko Syokimau, nje huku upande wa njia ya Mombasa. Reli pana inafika hapa, halafu badala ya kuingia mjini inakata kushoto, inapita juu ya mbuga ya wanyama kwa daraja la kilomita 6 na inakwenda zake Suswa. Mjini kuna Stesheni ya zamani, ile tuliyoshukia mimi na wewe mwaka ule, macho mekundu na migongo imekufa kwa viti vya daraja la tatu. Unakumbuka mhudumu alivyokuwa akipita kule kwa wenye vyumba akigonga kengele ya chakula, na sisi tunafungua mahamri yetu kwenye gazeti? Treni ile ilisimamishwa 2017.

Ngoja kwanza nikwambie habari ya hili jina, maana najua utaniuliza. Syokimau alikuwa mwanamke, nabii wa Wakamba. Wanasimulia kwamba kabla Mzungu hajafika aliona nyoka mrefu anatema moto na moshi, anatoka kwenye maji ya mashariki kwenda kwenye maji ya magharibi, na amebeba watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wanaosema kama ndege na wanaotia moto mfukoni. Moto wa mfukoni ni kiberiti, na nyoka unamjua. Wakikuyu nao wana Mugo wa Kibiro, Wanandi wana Kimnyole, kila watu huku bara wana wao aliyeiona reli kabla haijaja. Mimi huwauliza majirani zangu, je, sisi Mombasa wetu ni nani? Halafu najijibu: sisi hatukuhitaji nabii, vyuma vilishushwa mbele ya macho ya babu zetu. Reli ilianza kwetu 1896, ikafika hapa Nairobi Mei 1899, na ziwani kule Kisumu mwisho wa 1901.

Lakini nyoka alipita tu. Miaka zaidi ya 100 Syokimau ilikuwa jina la bibi na la uwanda mkavu. Nyumba zilipoanza kuota, ndipo foleni ya njia ya Mombasa ikatushinda, mtu anatoka kitandani saa kumi alfajiri ili awe kazini saa mbili. Ndiyo wakajenga stesheni yetu, wakatandaza na kipande kipya cha reli kuifikia, na tarehe 13 Novemba 2012 Rais Kibaki akaja kuifungua. Ukiiona utajua mara moja ilijengwa kwa ajili ya nani: uwanja wa kuegesha magari ni mkubwa ajabu. Hesabu yao ilikuwa mtu aje na gari lake, aliache pale, apande treni, ashuke Imara Daima au Makadara au mjini kabisa. Wengi wetu tunaofika pale asubuhi hata gari la kuacha hatuna, tunakuja na bodaboda au kwa miguu na viatu vya ofisini tumevitia mkobani.

Karibu miaka mitano baadaye, 31 Mei 2017, Madaraka, hiyo treni ya reli pana, ikafunguliwa, na kituo chake kikubwa kikawa pua na mdomo na kastesheni ketu. Hapo ndipo wageni wanapopotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Reli hizi mbili hazioani. Ya zamani upana wake ni mita 1, mpya ni milimita 1,435, na behewa la huku haliwezi kukanyaga kule hata ulibembeleze. Ndiyo maana Madaraka haiwezi kukufikisha mjini, na ndiyo maana walivuta ile reli nyembamba kutoka kwetu ikaingia mpaka ndani ya kituo kipya. Treni ndogo inakuja pale inawangoja abiria wa Madaraka.

Mimi sikulijua hilo. Mara ya kwanza kurudi kutoka nyumbani baada ya kuhamia huku, nilishuka usiku na mtoto amelala begani, nikafuata watu hadi nje, dereva mmoja akanipokea begi kabla sijamjibu salamu. Akanizungusha mpaka njia kuu, akarudi nyuma, akanipitisha mahali nisipopajua, na alipotaja bei nilidhani ananiuzia gari. Asubuhi nafungua dirisha, naona treni inapita polepole inatoka kule kule nilikotoka. Nilimweleza jirani, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni mwendo wa kituo kimoja tu.

Basi wewe fanya hivi. Panda ile ya saa mbili asubuhi, si ya saa tisa. Inasimama njiani, Voi, Mtito Andei, Emali na kwingineko, inachukua kama saa sita, lakini utafika mchana na utaona tembo wa Tsavo ukikaa macho. Ukishuka, wakikuita “sister” usigeuke. Usitoke geti. Uliza treni ya mjini, kata tiketi, panda, na uteremke kituo cha kwanza. Hicho ndicho changu. Usisinzie, ukipitiliza utajikuta Imara Daima.

Na usiyadharau mabehewa yake. Watu huku waliyaita mitumba yalipoletwa 2020, na ni kweli yalikuwa yametumika, yalitoka Mallorca, kisiwa cha Uhispania, ambako nako reli ni ya mita 1, ndiyo maana yalituingia kama kiatu cha kupima. Mimi mitumba sijawahi kuikataa na sitaanzia kwenye treni. Kiti ni kizuri. Asubuhi zetu mle ndani zimekuwa kama barazani: yuko mama mmoja hukaa dirishani na sindano zake za kufuma, tangu Januari namwona na sweta ile ile ya kijani, imemfika kwapani sasa. Tukikaribia Makadara huikunja, anaitia kwenye mfuko wa unga na kusimama kabla ya mtu yeyote. Jina lake silijui. Siku asipokuja tunaulizana.

Siku ya pili nitakupeleka mjini, tukaione ile Stesheni tuliyoshukia zamani, na pembeni yake yapo makumbusho ya reli. Wanalo behewa ambalo simba aliingia akamtoa humo Mwingereza mmoja, Charles Ryall, mwaka 1900 pale stesheni ya Kima. Wenzake walikuwa wamo ndani naye wamelala. Wewe na hofu yako ya paka, sijui kama utaingia.

Jambo la mwisho ni mzigo. Pale Miritini, kabla hujaingia, mtaambiwa mpange mabegi chini kwa mstari, msimame kando, askari apitishe mbwa wa kunusa. Najua umeniwekea ng'onda, na mimi naitaka kweli kweli, huku samaki ni wa ziwani tu. Ila ifunge kwenye mifuko mitatu, uitie kwenye ndoo yenye kifuniko. Mwaka jana niliifunga kwenye khanga, mbwa akaja akakaa juu ya begi langu akakataa kuinuka, na mstari mzima ukanigeukia.

Wako,
Somo