Taarifa ya Mwenyekiti wa Umoja wa Wazazi na Walimu (UWAWA) wa Shule Yetu ya Msingi kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote mliofika, pamoja na wale mliotuma watoto waje wasikilize halafu wakawasimulie nyumbani. Taarifa hii ilipaswa kusomwa mwezi wa kumi na moja. Mkutano umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na wengi wanaolalamika kuwa mwenyekiti amechelewesha taarifa ni wale wale ambao hawakuonekana mara zote mbili.

Nianze na shughuli za kawaida, ambazo sitazikalia kwa kuwa mnazijua. Uji umeendelea kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa wiki tatu za mwezi wa nane mahindi yalipokwisha. Darasa la saba walifanya mtihani wao Septemba na matokeo mmeyaona ubaoni. Walimu wameendelea na MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapa hapa shuleni, na wazazi wanaodhani alasiri ile walimu wamekaa wanapiga soga wakamuulize mwalimu mkuu. Madarasa mawili ya awali ya mradi wa BOOST yamekamilika na watoto wanakaa kwenye viti vya kimo chao. Ule ni mradi wa serikali, hatudai sifa, ingawa saruji ilipokaa nje bila mlinzi kwa siku tatu si serikali iliyolala pale. Mimi nililala pale na tochi yangu. Miche hamsini ya miti ilipandwa. Iliyopona ni tisa, mingine imeliwa na mbuzi, na habari ya mbuzi itarudi.

Kuhusu mtaala mpya, bado naulizwa kila ninapopita. Mtaala ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Watoto walioanza nao wakiwa darasa la tatu, mwezi huu wa Januari 2026 wameingia la tano, na wao watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Mwaka huo huo wale waliowatangulia wanamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani. Kwa hiyo madarasa mawili yatatoka kwa mpigo, na Januari 2028 yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa mpigo. Mwenye mtoto darasa la tano na mwingine darasa la sita leo ajue kwamba sare mbili za sekondari zitanunuliwa mwezi mmoja. Umoja utaliangalia jambo hili wakati ukifika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengine leo, yaani vyoo na fedha za uzio.

Ni kweli kwamba mkutano mkuu wa mwaka 2023 ulipitisha tuchange kwa ajili ya uzio. Ni kweli pia kwamba fedha hizo, shilingi 3,840,000, zimejenga vyoo. Katiba yetu inasema fedha iliyochangwa kwa kazi maalumu isibadilishiwe matumizi bila mkutano mkuu. Sikuisahau ibara hiyo. Niliiandika kwa mkono wangu kabla wengine hapa hamjajiunga.

Lakini hebu twende pamoja hadi asubuhi ile ya Jumatatu katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mwalimu wa zamu alinipigia kabla ya kengele, akasema, "Mzee, njoo uone choo cha wasichana." Nilipofika alikuwa ameshika mti wa kufagilia. Akaugonga chini kwenye tundu la pili, zege likaitika kama ngoma. Akagonga tena karibu na ukuta, mti ukazama mpaka kiganjani, na vipande vya jamvi la zege vikadondoka ndani. Tulisikia vikitua. Mlangoni kulikuwa na watoto watatu wa darasa la pili wamebana miguu, wanasubiri tumalize waingie.

Afisa afya alikuja siku hiyo hiyo na kuyafunga matundu sita kwa kamba. Tulikuwa na matundu 14, tukabaki na manane. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yetu ina wasichana 431 na wavulana 409. Pigeni hesabu wenyewe: tunahitaji 22 kwa wasichana na 17 kwa wavulana. Tulikuwa na manane kwa wote, tena baadhi bila milango. Wiki ile mapumziko ya saa nne hayakutosha foleni. Wasichana wakubwa wakawa wanaondoka saa sita kwenda nyumbani na hawarudi vipindi vya mchana. Mwalimu wa afya alikuwa na daftari lenye majina yao, na majina mawili yalikuwa ya watoto wa wajumbe waliosimama baadaye kunipinga. Sikuwataja wakati ule na leo sitawataja.

Mlitaka nifanye nini? Niitishe mkutano mkuu? Mkutano mkuu unahitaji tangazo la siku 21, na tangazo si watu kufika. Niliitisha kikao cha dharura cha kamati tendaji. Walikuja watano kati ya tisa. Akidi ni sita. Wa sita alikuwa safarini, akapigiwa simu ikawekwa spika, akasema "endeleeni", na katibu ameandika hivyo kwenye muhtasari. Kuna wanaosema simu si mahudhurio. Ninawaheshimu, lakini wale watatu ambao hawakuja wala kupokea simu ndio wanaolisema hilo kwa sauti kubwa zaidi.

Jambo la pili ni fundi. Imesemwa mitaani, na imeandikwa hata kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba fundi ni shemeji yangu. Ndiyo, ni shemeji yangu, na sikumficha. Mafundi watatu waliitwa. Wa kwanza alitaka shilingi 2,400,000 za ufundi, na nusu atangulizwe mkononi. Wa pili alikubali 1,900,000, akaja kupima, akanywa soda, na tangu hapo simu yake haipatikani. Wa tatu alisema 1,650,000, alipwe kwa hatua: msingi, ukuta, paa. Kama wa tatu angekuwa shemeji wa mtu mwingine, nani angeuliza? Vifaa havikununuliwa na mimi wala na yeye. Tulifuata utaratibu ule ule wa fosi akaunti unaotumika kwenye miradi ya serikali, yaani wenye mradi wananunua vifaa wenyewe na fundi analipwa ufundi tu: kamati ya manunuzi ikanunua, kamati ya mapokezi ikapokea na kusaini, na kila mfuko wa saruji una sahihi mbili. Jambo moja nalikubali. Mlango wa tatu upande wa wasichana unakwaruza chini na haufungi vizuri. Nimemwambia. Amesema atakuja.

Jambo la tatu ni chumba cha kujisitiri. Mzee mmoja aliniuliza mbele za watu kwa nini tunajenga "chumba cha kubadilishia nguo" shule ya msingi wakati hatuna uzio. Nilimjibu taratibu na ninarudia: wasichana wa darasa la sita na la saba wanaingia hedhi wakiwa hapa, na asiye na mahali pa kubadilisha taulo harudi darasani. Chumba kina ndoo, maji na kichomea taka. Kimetugharimu kidogo kuliko geti la uzio lililokuwa kwenye mchoro. Akina mama hawakuuliza swali hilo hata mmoja.

Wanaodai uzio wana hoja, sisemi hawana. Bodaboda zinakatiza uwanjani watoto wakiwa paredi. Jirani wa upande wa bonde kila msimu anasogeza mahindi yake hatua mbili kuja kwetu, na shule haina hati, kwa hiyo kila tukimsogeza tunabaki na maneno tu. Mbuzi mnawajua. Lakini mbuzi unamfukuza kwa fimbo. Mtoto akizama chooni utamfuata na nini?

Matundu sita mapya yamekamilika, manne ya wasichana na mawili ya wavulana, na yalifunguliwa shule zilipofunguliwa Julai. Mjumbe mmoja mwenye hesabu kali amesema manane jumlisha sita ni 14, kwa hiyo mwenyekiti ametumia karibu milioni sita kuturudisha pale pale tulipokuwa. Hesabu yake ni sahihi. Ila tulipokuwa palikuwa panatitia.

Fedha zenyewe ni hivi. Uzio 3,840,000, waliosoma hapa zamani walituchangia 1,150,000, na ninawashukuru kwa kuwa ni mimi niliyewatafuta mmoja mmoja kwa simu yangu na salio langu, michango ya mwaka 1,775,000. Jumla 6,765,000. Vyoo vimekula 5,960,000, sufuria za uji, karatasi na ukarabati wa madawati 492,000. Zimebaki 313,000. Mweka hazina ana daftari.

Hapo kwenye 1,775,000 naomba tukae kidogo. Tuna kaya 412 zilizojiandikisha. Tulikubaliana shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni kaya 97. Waliotoa kidogo kidogo ni 140. Kaya 175 hazijatoa hata senti. Ningepata 12,000 kwa kila kaya, zingekuwa 4,944,000, vyoo vingejengwa na fedha ya uzio isingeguswa sana, na nusu ya taarifa hii isingeandikwa. Nimepitia orodha ya walioandika barua ya kunilalamikia, ikiwa na sahihi 23. Waliomaliza mchango ni wanne.

Najua jibu mtakalonipa: elimu ni bure. Ada ilifutwa kwa Waraka Na. 5 wa mwaka 2015 na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima na kuwaambia walimu wasiiguse. Ndiyo maana hapa hakuna mwalimu anayepokea fedha na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani, na mwenye ushahidi wa kinyume chake aulete. Mchango wetu ni wa hiari. Lakini ni hiari ambayo tuliinyooshea mikono, na nakumbuka mikono ilikuwa mingi.

Serikali inaleta ruzuku, nayo mwijue. Kiwango cha mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazokuja shuleni. Kwa watoto wetu 840 ni 5,040,000 kwa mwaka, au shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Hiyo inunue chaki, ichape mitihani, irekebishe bawaba, ipeleke timu UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Nauli ya bodaboda kutoka hapa hadi stendi inaizidi.

Kuhusu mahudhurio, mkutano wa Novemba uliitishwa saa tisa. Saa kumi na dakika arobaini tulikuwa 38, na ukiwatoa walimu na viongozi wanabaki 27. Kwenye kundi la WhatsApp tangazo lile lilipata vidole gumba zaidi ya mia. Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa na mahafali ya darasa la saba, viti viliisha, watu walisimama mpaka nje ya geti lisilokuwepo, na keki ilikatwa vipande ambavyo sijui kama mtu alivionja. Akina baba hasa niseme nao. Mama anakuja na mtoto mgongoni, anasaini, anasikiliza, anarudi kupika. Baba anakuja kwangu usiku kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda na michango ikiingia, kuanza uzio kwa awamu, tukianzia upande wa bonde. Tumemwomba diwani atusemee halmashauri kuhusu upimaji wa eneo na amesema atalifanyia kazi. Tunatarajia pia matundu mengine ya vyoo, madawati, na kuona kama uji unaweza kufika hadi darasa la saba.

Nauomba mkutano huu uthibitishe uamuzi wa kamati tendaji kuhusu fedha za uzio. Ukikataa, nitajiuzulu na funguo za stoo nitamkabidhi katibu leo hii, na atakayechukua nafasi yangu ajiandae kupokea simu za saa kumi na mbili asubuhi.

Mwisho, faili la risiti za mabati na nondo lilichukuliwa mezani siku ya kikao cha Septemba na mjumbe aliyesema anakwenda kulipiga picha. Hadi leo halijarudi. Tunaomba lirudi kabla wakaguzi wa hesabu hawajaanza kazi Jumatatu.

Mwenyekiti, UWAWA