Sailensi inapanda na kushuka? Usikimbilie skrubu

Gari ambayo sailensi yake (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, ikiingia gerejini kwetu Mwanakwerekwe, Unguja, tunaisikia kabla haijasimama. Vuuu, inashuka mpaka inataka kuzima, halafu vuuu tena. Mshale wa mizunguko unafika 1,500, unaanguka 600, unapanda tena. Mwenyewe anashuka na maneno yale yale: "Fundi, sailensi inacheza. Nipandishie kidogo tu niende zangu."

Siku hizi hatupandishi. Zamani tulipandisha sana, na gari zikirudi.

Ile skrubu ya kupandishia sailensi inazuia kipepeo cha throtoli (mlango wa hewa wa injini) kisifunge mpaka mwisho. Ukiikaza, sensa ya throtoli inaiambia kompyuta ya gari kwamba dereva bado kakanyaga mafuta, na kompyuta ikishaamini hivyo haishughuliki tena kutunza sailensi. Kelele imepungua, ugonjwa uko pale pale.

Mchezo wenyewe mara nyingi unaanza na hewa. Mpira umepasuka, gaskiti imekaa upande, hewa inapenya nyuma ya throtoli na mzunguko unapanda. Kompyuta inaona throtoli imefungwa lakini injini inakimbia, inadhani unateremka mlima (Unguja hii, mlima gani?), inakata mafuta. Injini inaanguka. Inarejesha mafuta, injini inapanda, inakata tena. Hiyo vuuu ndiyo hiyo.

Karibuni tulipokea Impreza ya tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini), imeshabadilishwa plagi na koili kwengineko, na throtoli imesafishwa mpaka inang'ara. Na mimi, nakiri, nilianza kwa kuzikagua tena koili, saa nzima ikapotea bure. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ndiyo iliyotutoa kizani: kwenye sailensi kompyuta ilikuwa ikiongeza mafuta kwa asilimia 20 na zaidi, tukishikilia mizunguko 2,500 nyongeza inakaribia sifuri. Tundu lile lile ni kubwa kwa injini inayovuta hewa kidogo, ikivuta nyingi halihesabiki. Tukaziba njia ya hewa, tukapuliza moshi ndani. Si wa udi, ingawa kijana wetu mmoja alishapendekeza. Ukatoka polepole chini ya manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye injini), mwembamba kama uzi, kwenye kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kilichofungwa kwa waya badala ya klipu. Aliyeongeza geji ya busti (kipimo cha presha ya tabo) alikikata hapo, akaunga, akaondoka.

Mpira mpya, mchezo ukaisha. Lakini mwenyewe akiachia mafuta kukaribia kipilefti, gari inazima. Hilo lilikuwa jengine: ile vali ya tabo inayopiga "pshhh", ambayo vijana hawaambiliki juu yake. Kwenye gari yake sensa ya hewa iko kabla ya tabo. Hewa imeshahesabiwa, mafuta yake yameshapangwa, kisha vali inaimwaga nje. Mafuta yanabaki mengi kuliko hewa, injini inakabwa. Tukairudisha hewa kwa bomba mpaka kati ya sensa na tabo. Haizimi tena. Sauti imepungua, na uso wa mwenyewe ulisema wazi nini alichokitaka zaidi.

Waliobadilisha nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) kwa kubwa wana yao. Nozeli haifunguki papo hapo inapopewa umeme. Kuna kuchelewa kwa kiasi cha milisekunde moja, na umeme ukishuka kuchelewa kunazidi. Kwenye sailensi nozeli inafunguliwa milisekunde mbili tatu tu, kwa hivyo kosa dogo ni kubwa. Dalili yake: unawasha AC na taa, feni inaingia, gari inaanza kutetemeka. Hapo ni kuipa kompyuta namba sahihi za nozeli hiyo, sio kuzigusa plagi.

Na kamshafti kali (shafti ya kufungulia vali, ya kuongeza nguvu)? Hiyo haitakuwa laini kama Vitz, tusidanganyane. Vali za kuingiza na za kutoa zinakaa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi unarudi ndani. Sisi tunaipangia sailensi 900 mpaka 1,000 na kuurekebisha moto (wakati plagi zinapowasha), basi. Kipimo cha vakyumu kwenye injini isiyoguswa, hapa usawa wa bahari, kinasoma inchi 17 mpaka 22 za zebaki. Wa Lushoto, kule milimani, akisoma chini ya hapo si ajabu. Kamshafti kali inaweza kukupa 12 na ikawa ni uzima.

Kabla ya kutumia pesa kwa yote hayo, kuna vitu viwili vya kwetu hapa. Chumvi: gari zinazolala ufukweni, Nungwi au Jambiani, waya wa ethi (unaounga umeme na bodi) unaota kutu, sensa zinasema uongo. Na themostati, vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ambayo mafundi wengi huitoa eti injini ipoe. Injini isipofika joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inamimina mafuta na kushikilia sailensi juu.

Ukija kwetu, ilaze gari ipoe usiku kucha, uiwashe kwa kuja tu, tena uje mapema. Usichomoe betri wala usifute taa ya injini njiani. Utuandikie kila kilichobadilishwa, hata kile ulichomficha mkeo.